Roshani Kwenye Njia ya Gari la Bwana

Tiruppunal, Mtaa wa Gari, nyumba ya kona
Mwezi wa Tai, siku ya nne tangu mwezi kuandama, mwaka wa kumi na saba wa mfalme wetu

Mjomba wangu Sattan,

Nakushika miguu yote miwili, ule mzima na ule wenye goti. Mkeo Nangai namshika miguu na kumbusu mashavu. Natumaini ng'ombe wenu amezaa salama, na kisima bado kina maji. Baba hajambo, anakohoa kama kawaida yake wageni wakikaa sana. Mama mkwe wangu Periyal hajambo na anakusalimu, ingawa hajakuona. Alitarajia kukuona harusini. Sote tulitarajia. Unajua bibi harusi hubebwa mabegani na mjomba wake, na wewe hukuja, kwa hiyo ikabidi niazime mjomba. Nilibebwa na mjomba wa jirani, mkamua ufuta, mtu mwema lakini mfupi, hata vidole vyangu vya miguu vilichora mistari kwenye mchanga kutoka mlangoni hadi kwenye moto wa ndoa. Sikukasirika. Nakuambia tu.

Mjomba, nina furaha! Nina furaha mpaka nachoma wali. Tangu mama afariki wewe ndiye ninayekueleza mambo yangu, basi vumilia. Mume wangu (jina lake silitaji, adabu ulinifundisha) anaimba anapopiga randa. Asubuhi ananiletea maua ya asumini kabla hajanawa uso. Akitoka kazini ana vumbi la mti kwenye nyusi, na mimi ndiye ninayelipangusa, na kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko inavyostahili. Hili ni jani la nne la mvumo ninaloandikia. Mama mkwe anasema nikiendelea hivi, mivumo yote ya mji itabaki vipara.

Sasa nikueleze zawadi. Mume wangu amenijengea roshani! Iko ghorofani, upande wa mtaani, na kwenye mihimili yake amechonga kasuku wawili, dume na jike, midomo ikigusana. Nikikaa pale naona mji wote. Naona mnara wa hekalu na kuta nne, moja ndani ya nyingine. Ndani kabisa ni Bwana, mungu wetu, halafu makuhani, halafu waimbaji na wasuka mashada, halafu sisi wa ukuta wa tatu tunaozungukwa na gari, na nje ya ukuta wa nne ni wakamua mafuta, wauza samaki na mbwa. Kadiri unavyomkaribia Bwana ndivyo watu wanavyopunguza sauti. Sisi wa tatu tunaruhusiwa kucheka, ila si kupiga miluzi.

Na mwezi wa Panguni, Bwana atakapomwoa Bibi kama anavyomwoa kila mwaka, gari lao la mbao, linalovutwa kwa kamba na mji mzima, litapita hapa mbele ya roshani yangu, na nitaona kipini cha puani mwa Bibi kwa macho yangu! Mume wangu alipima mwenyewe. Alikwenda kwenye banda la gari na fimbo yake. Kati ya gari na ukuta wetu kuna dhiraa nne. Roshani imechukua mbili, Bwana amebakiwa na mbili. Na sakafu yake iko chini ya kiti cha Bwana kwa vidole vinne, tusije tukamzidi kimo. Yeye ndiye anayechonga magurudumu ya gari lile, kama babu zake. Nani anajua zaidi?

Mama mkwe tu ndiye, kila akipita chini, anatazama juu na kusema, "Haya." Haya gani, hasemi. Mjomba, wewe umeliongoza gari la Nelvayil kwa kabari miaka arobaini, unatupa kipande cha mti chini ya gurudumu na nyumba nzima ya Bwana inageuka kona. Mwandikie kwamba dhiraa mbili zinatosha. Akisikia kwako ataamini.

Mpwa wako mwenye furaha kuliko wote wa pande mbili za mto,
Kuyili


Nelvayil
Mwezi wa Tai, zimebaki siku tatu mwezi mpya uandame

Mpwa wangu Kuyili,

Barua imefika kwa mkono wa muuza popoo. Majani kumi na moja. Alidhani amebeba kesi ya shamba.

Sisi hatujambo. Ng'ombe amezaa dume. Kisima kina maji. Harusini sikuja kwa sababu ya goti. Mkamua ufuta mpe shukrani zangu.

Dhiraa mbili ni kitu kizuri. Nina swali moja. Mumeo alipolipima gari, lilikuwa limevaa au lilikuwa uchi?

Mjomba wako,
Sattan

Kuyili mwanangu, ni mimi Nangai, naandika pembeni maana jani lote kalimaliza yeye kwa kusema machache. Barua yako kaisoma mara nne, kila mara akisema "upuuzi" na kuanza upya. Usimkasirikie kwa harusi. Goti lake huuma kwenye harusi tu. Mama yako alipoolewa, mjomba wako alilia mpaka wapiga zumari wakaacha, wakadhani kuna msiba. Hajasahau. Mji mzima haujasahau. Kula vizuri.


Tiruppunal
Mwezi wa Masi, siku ya pili tangu mwezi kuandama

Mjomba wangu,

Nakushika miguu. Hongereni kwa ndama, jina lake nani? Baba hajambo. Mimi na mume wangu hatujambo mwilini.

Swali lako nilimsomea mume wangu akiwa anakula wali na mtindi. Mkono ulisimama njiani.

"Uchi," akasema.

"Uchi vipi?"

"Kuyili, mimi ni seremala. Naona mti. Mti ndio gari. Nguo ni kazi ya watu wa nguo."

Mama mkwe alikuwa anachambua dengu mlangoni. Hakuinua kichwa. "Haya," akasema, na safari hii haya yake ikapata maneno. "Mwanangu, siku ya harusi yako nilikuvisha kilemba cha dhiraa kumi na mbili, ukakwama kwenye mlango huu huu. Nani alikusukuma?"

"Wewe, mama."

"Basi nani atamsukuma Bwana?"

Mjomba, aibu! Kila mtoto wa mji huu anajua kwamba gari mwaka mzima hukaa bandani mifupa mitupu, na siku ya Panguni hufungwa mianzi, likavishwa mapazia, mito ya vitambaa na mashada mpaka linajaa kama mama mjamzito. Mume wangu anajua. Mimi najua. Mwaka jana nilisimama hapa hapa nikashangilia! Lakini alipoingia bandani na fimbo yake aliona magurudumu yake mwenyewe, akayapenda, akayapima, akarudi.

Tukaenda kwa fundi Maran, mkuu wa wavalishaji. Gari likivaa huongeza dhiraa mbili na nusu kila upande. Kwa hiyo Bwana na roshani yangu watagombania nusu dhiraa. Nusu tu! Mume wangu akajaribu upole.

"Fundi Maran, pale kona tu, upande mmoja tu, ukikunja kidogo..."

"Nimkunje nani?"

"Bwana. Kidogo."

"Siku ya harusi yake? Mbele ya mkewe?" Maran akawageukia vijana wake. "Mmesikia? Huyu siku yake alivaa dhiraa kumi na mbili, anataka Bwana avae nguo ya kiunoni!" Wakacheka mpaka mmoja akameza pini. Kisha Maran akaacha kucheka. "Seremala, miaka yote ukoo wenu unasema nguo zetu ni upepo. Sawa. Ngoja upepo uje uing'oe roshani yako."

Jana wazee wa baraza la hekalu walikuja na kamba yao. Hawakuwa wakali, na hilo ndilo lililonitisha. Walitukumbusha kwamba mtaa huu si wetu, ni wa Bwana, sisi tunauazima akiwa hautumii. Tukiikata roshani kabla, hakuna kosa. Lakini kitakachogusa gari kitabomolewa siku hiyo hiyo, na wenye nyumba watahamia nje ya ukuta wa nne. Mama mkwe alizaliwa nje ya ukuta wa nne, Mjomba. Alikaa huko miaka ishirini, anasema bado akifungua sanduku la nguo za zamani anasikia harufu ya samaki. Hakusema "Haya." Dengu zikamwungulia, yeye ambaye hajawahi kuunguza kitu.

Utasema tukate. Kila mtu anasema tukate. Lakini nyumba hii ina watu kumi na mmoja, na kuta zake ni nyembamba, na masikio ya mama mkwe ni mazima. Roshani ndiyo mahali pekee ambapo mume wangu ananiita jina langu polepole. Nikikata kasuku wale, tutapendania wapi? Jikoni?

Njoo. Wewe ukiwa kwenye magurudumu, gari linaweza kupita mbali kidogo na ukuta wetu. Nusu dhiraa tu. Nakuomba kwa jina la mama.

Kuyili


Nelvayil
Mwezi wa Masi, mbalamwezi pevu imepita siku sita

Mpwa wangu,

Nimechelewa kwa sababu muuza popoo alikwenda kuoa. Ndama hana jina. Ni ndama.

Kateni.

Upande wa pili wa kona yenu kuna ukuta wa hekalu. Huwezi kumsogeza Bwana kutoka kwako bila kumsugua ukutani kwake. Kabari haipunguzi unene wa mtu. Kabari inafanya mambo mawili, kugeuza gari na kulisimamisha. La tatu sijaliona.

Siji. Goti.

Nijibu mambo mawili, kwa ufupi kama unaweza. Roshani inabeba watu wangapi wakisimama? Ngazi yake inashukia ndani ya nyumba au nje?

Sattan

Ndama anaitwa Kuyili, ingawa ni dume. Mjomba wako ndiye aliyempa. Tangu juzi anachonga kipande cha mkwaju uani. Nilimwuliza ni nini, akasema ni mguu wa kiti. Hatuna kiti. Nangai.


Tiruppunal
Mwezi wa Panguni, siku ya kwanza ya sikukuu, jioni

Mjomba,

Nakushika miguu kwa haraka, muuza popoo ananisubiri na mkewe mpya, wanashikana mikono, wazuri kweli.

Maswali yako. Mume wangu anasema roshani inabeba watu wawili wakipendana. Lakini pia aliijaribu kwa magunia ya mpunga: inabeba kumi na wawili wasiopendana. Ngazi iko ndani, inashukia jikoni.

Tuliamua kukata. Kweli tuliamua. Siku ya kwanza alipanda na msumeno, akasema hauna meno, akakaa mchana kutwa akiunoa. Siku ya pili alipanda, nikampelekea maziwa ya mgando, tukakaa kidogo tuwaage kasuku, tukashtuka jua limekwenda. Siku ya tatu alikata mhimili kina cha kidole kimoja. Unga wa mti uliponiangukia kwenye nywele nikaanza kulia, akaanza yeye, na mama mkwe akapaza sauti kutoka chini, "Mnakata au mnazika?"

Siku ya nne, yaani leo, alishika msumeno kiume kabisa, akaweka mguu kwenye ngazi, na ngoma ikalia. Bendera ya sikukuu imepanda! Tulihesabu vibaya siku moja. Unajua sheria, bendera ikipanda hakuna seremala anayeinua chombo ndani ya kuta mpaka ishuke, maana Bwana ni bwana harusi na hapigiwi misumeno masikioni. Mume wangu amesimama pale kwenye ngazi, mguu mmoja juu, msumeno mkononi, kama sanamu ya mungu wa watu wazembe.

Gari linatoka siku ya tisa. Mama mkwe ameanza kufunga vyungu kwenye majani makavu. Anafunga bila kutulaumu. Ningefurahi kama angetulaumu.

Njoo, Mjomba. Goti na vyote.

Kuyili


Tiruppunal, Mtaa wa Gari, nyumba ya kona (soma vizuri: nyumba ya kona bado!)
Mwezi wa Panguni, siku ya tatu baada ya bendera kushuka

Mjomba wangu mpendwa, mkaza-mjomba wangu mpendwa, na Kuyili ndama,

Nawashika miguu na kwato. Barua yenu haikuja, sikuona ajabu, popoo haziuzwi siku za sikukuu. Kaeni chini. Mjomba, nyoosha goti. Nina majani thelathini.

Siku ya tisa asubuhi mtaa ulikuwa umemwagiwa maji na kuchorwa unga wa mchele kila mlango. Sisi watatu tulisimama chini ya roshani kama washtakiwa. Wazee wa baraza walisimama ng'ambo na kamba yao, na nyuma yao wanaume wanne wenye nyundo, walioruhusiwa na hekalu, wakitafuna tambuu wakisubiri. Nilivaa sari ya harusi. Kama nahamishiwa kwa samaki, nilisema, nitahama nikiwa nimependeza.

Kwanza tulisikia tu. Unajua ule mlio, watu elfu wakivuta kamba, mbao zikiguna. Halafu gari likachomoza, Mjomba, kubwa, limevaa, jekundu na jeupe na la manjano, mapazia yanapepea, na hapo hapo nikajua kwamba nusu dhiraa ilikuwa hesabu ya matumaini. Ilikuwa dhiraa nzima. Maran mwenyewe alikuwa juu akining'inia kwenye mianzi, kifua mbele kama jogoo.

Watu wa kabari walikuwa wanakimbia kando ya magurudumu, sita, nawafahamu. Lakini wa saba sikumfahamu. Mzee, kichwa amekifunga kitambaa mpaka puani katikati ya joto la Panguni, anachechemea mguu wa kushoto, na hata hivyo anakimbia. Mkuu wa kabari akamfokea, "We babu, toka hapo, utasagwa!" Babu hakugeuka. Gari likafika kona, likaanza kupinda kuelekea kwetu. Mama mkwe akafumba macho. Mume wangu akanishika mkono mbele ya mji mzima. Mimi nilikuwa natazama kasuku.

Mzee akainama. Akaweka kabari chini ya gurudumu la mbele, taratibu, kama mtu anayemwekea mtoto mto kichwani.

Gari likalia. Likatetemeka. Likasimama, shanga za pazia zikicheza kiganja kimoja kutoka midomoni mwa kasuku.

Mara fujo. "Vuta!" Wakavuta, halisogei. Wakamleta tembo, akasukuma kwa kipaji, halisogei, tembo akakata tamaa akala shada la Maran. Mkuu wa kabari alikuwa anazunguka akipiga kelele, "Nani ameweka ile? Nani? Nyoosha mkono!" Watu sita wakatazamana. Wa saba hakuwapo.

Jua likazama, na jua likizama gari halivutwi. Makuhani wakajadiliana juu huko. Wazee wakajadiliana chini huku. Bwana na Bibi wamesimama, basi ndipo wanapolala, na wanapolala ndipo hekalu. Sasa fikiria, Mjomba! Ghafla kutoka kona yetu mpaka kisimani palikuwa ndani ya ukuta wa kwanza! Watu wakavua viatu. Hakuna kitunguu, hakuna samaki, hakuna sauti. Wale wanne wenye nyundo waliambiwa wanong'one, kisha wakaambiwa waondoke, maana nyundo haiingii hekaluni.

Kulikuwa na shida moja. Ngazi ya gari iko ubavu wa pili, na ubavu wa pili ulikuwa umebanana na ukuta wa hekalu. Makuhani hawawezi kushuka, na chakula cha Bwana hakiwezi kupanda. Kuhani mkuu akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akaitazama roshani yangu.

"Inabeba watu?" akauliza kwa unyenyekevu kabisa.

"Kumi na wawili wasiopendana," mume wangu akajibu kabla hajajizuia.

Wakavuka! Makuhani watano, mmoja mmoja, vikoi vya hariri wamevikusanya mikononi, wakashuka ngazi yetu mpaka jikoni, na pale jikoni wakamkuta mama mkwe amefungua vyungu vyote alivyovifunga. Bwana amekula wali wa mama mkwe, Mjomba. Wali na maziwa na ndizi, ukapitishwa kwenye roshani kwa mikono yangu. Nilipomkabidhi kuhani niliinua macho, na Bibi alikuwa pale, dhiraa chache tu mbele yangu, kipini puani, amekaa na mumewe kimya, nao wameoana jana yake tu. Nikaona haya kidogo. Nilihisi tumeingia chumbani mwao bila hodi, au wao mwetu.

Mume wangu akaninong'oneza, "Unadhani nao nyumba yao ina watu wengi?"

"Kila siku umati," nikamwambia.

"Maskini," akasema. "Walihitaji roshani."

Asubuhi wazee wakakaa barazani kwetu. Mjadala ulikuwa mrefu, nakupa kiini. Kitakachogusa gari kibomolewe, sawa, lakini hakikugusa, Bwana alisimama kabla. Na mahali Bwana alipolishwa hapabomolewi, hiyo ni sheria ya zamani kuliko kamba yao. Je, gari litapitaje? Hapo wote wakamtazama Maran. Maran alikuwa ameshiba wali wa mama mkwe mara tatu. Akajikuna. Akasema, kana kwamba amelifikiria yeye peke yake, "Mgeni akiingia kwa watu hulegeza kilemba. Bwana kwa mwenyeji wake anaweza kulegeza nguo. Si kukunjwa! Kulegeza."

Wakakunja upande mmoja, Mjomba! Pale kona tu! Kidogo! Gari likapita laini, na nilimbana mume wangu vidole asije akacheka.

Imeshaandikwa kwenye jiwe la ukuta: kila mwaka gari litasimama nyumba ya kona, Bwana na Bibi watalegeza nguo, na mke aliyeolewa mwaka huo atawapa maziwa kutoka kwenye roshani. Makuhani wameanza kueleza kwamba ilikusudiwa tangu zamani. Mama mkwe ameambiwa barazani kwake sasa ni kama ndani ya ukuta wa kwanza siku ile moja. Anatembea tofauti. Anamsimulia muuza samaki, lakini kwa kunong'ona.

Sasa, Mjomba. Gari lilipoondoka niliokota kabari. Ni ya mkwaju, mpya kabisa, na ina chale tatu nyembamba kichwani kama zile za kabari zako za zamani. Mume wangu akaigeuza mkononi. Akasema, "Huu si mguu wa kiti."

Mzee yule nimemtafuta mtaa mzima. Je, una ndugu anayefanana nawe?

Kuyili, wa nyumba ya kona


Nelvayil
Mwezi wa Chittirai, siku ya pili

Mpwa wangu,

Majani nimeyahesabu, ni thelathini na mawili. Ulisema thelathini.

Sina ndugu. Siku hiyo nilikuwa nyumbani, goti. Kabari huteleza, ndivyo zilivyo. Usitafute mtu. Mama yako angefurahi. Mweleze mumeo kwamba mhimili aliouanza kuukata auzibe kwa bamba la shaba, aliufikisha karibu na mshipa wa mti.

Sattan

Kuyili mwanangu,

Kuhusu mhimili, mwulize mjomba wako ameuona kwa jicho gani, maana hukuandika chochote kuhusu mshipa wa mti. Hakuwapo nyumbani siku kumi na mbili. Alirudi na goti kama tikiti maji na kitambaa cha kichwani kilicholowa, akasema ni jasho.

Nikuambie lisilosemwa. Miaka thelathini na minne iliyopita gari la Nelvayil lilisimama mbele ya nyumba ya baba yangu. Kabari iliteleza. Likakaa siku mbili, watu wa kabari wakapewa maji, na mpeleka maji nilikuwa mimi. Mpaka leo gari husimama pale kila mwaka, na makuhani wetu nao wana maelezo yao.

Jana nilimkuta nje na fimbo, anapima ukuta wetu wa mbele, upande wa mtaani, juu. Namwuliza unapima nini. Anasema, goti.

Nimemwambia tu, safari hii lipimwe gari likiwa limevaa. Akasema yeye si seremala. Basi mwulize mumeo kasuku wanachongwa vipi, lakini uandike jani moja tu, nilifiche.

Nangai